Nani huyo anayesimulia filamu yangu? Kuitambua na kuizima sauti ya ziada kwenye TV

Jumamosi moja usiku mama mkubwa alinipigia simu kutoka Tanga.

"Shikamoo ma'mkubwa."

"Marahaba. Mwanangu, hii TV ina mtu ndani."

Mtu mwenyewe ni mwanamume, anazungumza Kiingereza, tena hana haraka. Waigizaji wakinyamaza tu, yeye anaanza: mwanamke anaingia jikoni, anachukua kisu, anachungulia dirishani. Ma'mkubwa alikuwa anayaona hayo yote kwa macho yake, hakuomba kuambiwa. Alishaizima TV na kuiwasha, akachomoa waya ukutani, akahesabu hadi mia, akachomeka. Mtu yumo. Fundi wa mtaani alikuwa ameshapita mchana, akasema TV imeingiwa na virusi, ampelekee aiflashi, yaani airudishe katika hali ya kiwandani, kwa shilingi elfu arobaini.

Virusi havikuwepo. Kabla sijamwambia abonyeze chochote nilimuuliza swali moja: "Rudi ukurasa wa mwanzo, usifungue filamu. Bonyeza mshale wa kulia. TV inasema kitu?" Nikasikia rimoti ikibonyezwa kwa nguvu, mara nne, mara tano.

"Haisemi."

Hapo nikajua tunatafuta sauti ipi. Watu wengi hukesha na tatizo hili kwa kuwa wanaizima sauti ambayo si yenyewe. Zipo mbili, zinakaa sehemu tofauti za mipangilio, na ukiizima moja nyingine haina habari.

Ya kwanza ni kisoma skrini. Hii haijui filamu inahusu nini. Kazi yake ni kutaja kile ulichosimama juu yake kwa rimoti: ukifika kwenye "Settings" inasema "Settings", ukipita juu ya jina la tamthilia inalisoma. Kila kampuni imeipa jina lake. Kwenye Android TV na Google TV inaitwa TalkBack, Samsung wanaiita Voice Guide, LG Audio Guidance, Fire TV VoiceView na Apple TV VoiceOver. Kama TV yako inabwabwaja hata filamu haijaanza, basi mgeni wako ni huyu.

Ya pili ndiyo iliyokuwa sebuleni kwa ma'mkubwa. Inaitwa Audio Description, kwa kifupi AD. Mimi nitaiita sauti ya msimulizi. Hii haigusi menyu. Inangoja filamu ianze, kisha inajipenyeza kwenye vipindi vya ukimya na kueleza kinachoonekana, ili asiyeona naye aifuate hadithi.

Kama umewahi kusikiliza mpira redioni, unaijua kazi hii. Mtangazaji anakuambia mpira uko kwa nani, unakwenda upande gani, kipa ametoka au amebaki mstarini. Bila yeye ungesikia kelele za mashabiki tu. Sasa mchukue mtangazaji huyo umweke juu ya mechi unayoitazama mwenyewe kwenye TV: atakuchosha kabla ya mapumziko. Si kwamba anakosea, ila hakuja kwa ajili yako.

Wapo watakaosema mbona sisi tumezoea filamu zenye msimulizi. Kweli. Waliokulia vibanda umiza vya Tanzania wanamkumbuka Lufufu, Wakenya wana DJ Afro, na Uganda kazi hiyo hufanywa na watu wanaoitwa VJ. Lakini hao wanatafsiri mazungumzo, wanatia chumvi, wanawapa waigizaji majina ya mtaani na kumzomea adui. Msimulizi wa AD haruhusiwi hata kimoja cha hayo. Anatakiwa asikanyage maneno ya mwigizaji, asieleze hisia asizoziona usoni, na asikuambie nani muuaji kabla filamu haijasema. Ndiyo maana sauti yake imepoa kiasi kile, na nadhani kupoa huko ndiko kulikomtisha ma'mkubwa.

Huduma yenyewe imetangulia TV za intaneti kwa miaka mingi. Mwaka 1981 huko Washington, Margaret Pfanstiehl, mwanamke ambaye mwenyewe alikuwa na ulemavu wa macho, alianza pamoja na Cody, aliyekuja kuwa mumewe, kuwasimulia wasioona maigizo ya jukwaani katika ukumbi wa Arena Stage. Mwaka 1990 kituo cha televisheni cha WGBH cha Boston kikaanzisha huduma ya kudumu ya aina hiyo kwenye vipindi vyake. Netflix walianza kuiweka mwaka 2015, na leo ukifungua tamthilia wanazozitengeneza wenyewe ni nadra kuikosa.

Katikati ya miaka hiyo kilitokea kitu kinachoigusa rimoti yako moja kwa moja. Mwaka 2010 Marekani ilipitisha sheria ya mawasiliano kwa watu wenye ulemavu, na moja ya matakwa yake ni kwamba huduma hizi zifikiwe kwa kitufe, alama au njia nyingine nyepesi ya namna hiyo. Sababu inaeleweka. Asiyeona hawezi kupita kurasa sita za menyu zisizosema kitu ili aende kuwasha sauti ya kumsomea menyu. Njia hizo za mkato zimefika hadi sebuleni kwetu, na zinafanya kazi hata aliyebonyeza akiwa ni mtoto wa miaka mitatu, au mto wa kochi.

Kwenye Samsung nyingi za siku hizi, ukishikilia kitufe cha sauti kwa sekunde moja au mbili unafunguka ukurasa mdogo wenye swichi za huduma hizi. LG ni kitufe cha kunyamazisha, ukikishikilia. Fire TV ni kushikilia kwa pamoja kitufe cha kurudi na kile cha menyu, sekunde mbili tu, na VoiceView inawaka. Roku, ambayo ndugu walioko Marekani wanayo sana, ni kubonyeza nyota mara nne haraka haraka. Apple TV ni kubonyeza mara tatu kitufe cha kurudi, au cha menyu kwenye rimoti za zamani, iwapo njia hiyo ya mkato imewekwa. Uzuri wake ni kwamba mbonyezo uleule uliowasha ndio unaozima. Kwa hiyo kama mgeni wako ni kisoma skrini, jaribu njia hizo kwanza kabla ya kuingia kwenye mipangilio. Kwenye Android TV na Google TV nenda Mipangilio, kisha Mfumo, kisha Ufikivu, ambako kwa Kiingereza utaona Settings, System, Accessibility. TalkBack imo humo. Matoleo ya zamani yanaweza kuiweka chini ya "Device Preferences".

Hapo kisoma skrini tumemalizana nacho. Sauti ya msimulizi ina mambo zaidi, na nitakaa nayo.

Swali ninaloulizwa mara nyingi ni hili: kwa nini siwezi kumpunguza huyu msimulizi nikabaki na filamu? Fikiria chai. Kuna chai iliyokwisha kutiwa sukari jikoni, na kuna chai inayoletwa mezani na kopo la sukari pembeni. Filamu za intaneti ni chai ya kwanza. Studio imeuchukua mkanda mzima wa sauti, maneno, muziki, milio ya risasi, ikapunguza muziki kidogo pale msimulizi anapoingia, ikamweka juu, ikafunga. Kinachokufikia ni mkanda mmoja uliokamilika. Huwezi kuitoa sukari; unachoweza ni kuomba kikombe kingine. Ndiyo maana dawa yake ni kuchagua mkanda mwingine wa sauti, na vitufe vya kuongeza na kupunguza havitakusaidia hata ukivibonyeza mpaka asubuhi.

Matangazo ya moja kwa moja ya dijitali yanaweza kuja kwa namna ya pili. Kwenye baadhi ya nchi kituo hurusha sauti ya msimulizi peke yake, na TV ndiyo inayoichanganya na sauti ya kipindi. Hapo sukari iko pembeni, na ndiyo maana TV zenye uwezo huo zina mahali pa kuongeza au kupunguza sauti ya AD peke yake. Watu wakikiona kipimo hicho kwenye mipangilio hudhani kitafanya kazi kwenye Netflix pia. Wapi.

Na kwa wanaohofia bando: sauti ya msimulizi haikuongezei matumizi kwa maana ya kuvuta sauti mbili kwa mpigo. Programu huvuta picha, kisha mkanda mmoja tu wa sauti, ule uliouchagua.

Turudi Tanga. Nilimwambia ma'mkubwa aifungue ile tamthilia, aiache icheze, kisha abonyeze kitufe cha katikati ili vidude vya kusimamisha na kusogeza vitokee. Kwenye Netflix hapo kuna alama ya kiputo cha maneno, kile kama cha vikatuni, na ukisimama juu yake yanatokea maneno "Audio & Subtitles". Akaipata. Ikafunguka orodha.

"Nisomee sauti ipi imewekewa alama ya vema."

"I-ngi-lishi," akaanza, polepole kama anayesoma barua ya benki. "Halafu kistari. Halafu Odio Desi-kri-pushoni."

"Huyo ndiye mtu wako. Sasa panda juu. Kuna Ingilishi nyingine yenye neno Original?"

"Ipo."

"Ichague, urudi kwenye filamu."

Simu ikanyamaza. Nikasikia muziki, mlango ukifunguliwa, nyayo za mtu zikipita sakafuni, na hakuna aliyezisimulia. Ma'mkubwa hakuniaga hata. Alikuwa ameshapitwa na nusu ya kipindi.

Kwenye Prime Video na Disney+ njia ni hiyohiyo kwa sura nyingine: filamu ikiwa inacheza, tafuta mahali pa sauti na manukuu, kisha uchague lugha isiyoandikwa "Audio Description" ubavuni. Tahadhari moja tu kwa wapenzi wa tamthilia za Kikorea. Huko AD ya Kiingereza kwa kawaida imebebwa na Kiingereza cha kuingiza sauti, yaani waigizaji nao wanasemewa. Ukichagua mkanda wenye neno "Original" msimulizi ataondoka, lakini na Kiingereza kitaondoka. Utabaki na Kikorea na manukuu yako. Kama ulikuwa unataka waigizaji waseme Kiingereza bila msimulizi, chagua "English" tupu.

YouTube nayo ina kisa chake ambacho watu hukichanganya na hiki. Unafungua video ya mtu unayemfahamu sauti, mara anaongea kama mashine ya benki. Huyo si msimulizi, ni tafsiri ya sauti iliyotengenezwa na kompyuta. Fungua gurudumu la mipangilio kwenye video yenyewe, ingia "Audio track", chagua ile ya asili.

Sasa tuje kwenye malalamiko ya pili, ambayo kwa kweli ndiyo huwakasirisha watu zaidi: nimeizima jana, leo imerudi.

Ikirudi, kuna kitu kingine juu ya programu kinachoiamrisha. Zamani uchaguzi wa sauti ulikuwa ndani ya programu tu. Siku hizi mfumo wa TV nao una swichi yake inayosema, kwa lugha ya kawaida, "mwenye nyumba hii anapenda msimulizi, mpe kila anapopatikana". Android TV iliipata katika toleo la 13, Apple TV wanayo, Fire TV wanayo. Programu inayoiheshimu swichi hiyo ikifunguliwa inatazama, inaona imewashwa, inakuletea msimulizi bila kukuuliza. Wewe unamwondoa ndani ya filamu, kesho filamu nyingine inaanza, naye huyoo. Nenda Mipangilio, sehemu ya Ufikivu au Accessibility, utafute "Audio Description" na uizime hapo. Kisha rudi kwenye programu ubadilishe sauti kwa mara ya mwisho.

Pia kuna wasifu. Netflix hukumbuka uchaguzi wako wa sauti kwa kila wasifu, ile picha unayochagua unapoingia. Nyumba nyingi zina usajili mmoja na wote wanatumia wasifu wa kwanza kwenye orodha, baba, watoto, hadi shemeji aliyeko Mwanza aliyepewa nywila. Kama ndani ya nyumba kuna mtu anayemhitaji msimulizi, tuseme babu mwenye presha ya macho, mtengenezee wasifu wake. Itapunguza ugomvi wa rimoti, na yeye hatalazimika kumwomba mjukuu kila jioni amrudishie sauti yake.

Kuna kosa jingine ambalo hata mimi limewahi kunipotezea saa nzima: kuizima AD kwenye TV wakati sauti inatoka kwenye kifaa kingine. Kama una kijiti cha Fire TV, kisanduku cha Android au king'amuzi kilichochomekwa kwa HDMI, TV yako ni spika na kioo tu. Inapokea sauti iliyokwisha pikwa na haijui kama ndani kuna msimulizi au hakuna. Mipangilio ya Samsung au LG kuhusu AD inahusu zaidi matangazo ambayo TV yenyewe inayapokea kwa antena. Kwa hiyo jiulize rimoti ipi ndiyo uliyoichezesha filamu, kisha utafute mipangilio ya mwenye rimoti hiyo. Kwenye king'amuzi, ingia kwenye mipangilio ya lugha au sauti na utazame kama kuna lugha ya sauti ya ziada iliyochaguliwa. Usishangae kukuta lugha isiyo lugha, imeandikwa "NAR". Hicho ni kifupi cha neno la Kiingereza la usimulizi, na baadhi ya vituo hukitumia kutambulisha mkanda wa AD. Rudisha kwenye lugha ya kawaida. Rimoti nyingine zina kabisa kitufe kilichoandikwa "AD" au "AD/SUBT", ambacho ukikigusa kwa bahati mbaya wakati unatafuta manukuu, umejiletea mgeni.

Na wale wa filamu za kwenye flashi hawajasalimika. Faili moja la MKV, aina mojawapo ya faili za video, linaweza kubeba mikanda mitatu au minne ya sauti, na kichezeshi cha TV huweza kuanza na usioutaka. Simamisha filamu, tafuta "Audio track" au "Audio language", jaribu mmoja mmoja. Kwenye kompyuta yenye VLC, programu ya kuchezea video, unabonyeza herufi b tu, mikanda inajibadilisha kwa zamu.

Narudi kwa yule fundi, maana simwonei, lakini elfu arobaini ni hela. Kuirudisha TV katika hali ya kiwandani kweli kunaweza kumwondoa msimulizi. Kunaondoa pia nywila ya Wi-Fi, akaunti zote, programu ulizopakua na mpangilio wa chaneli. Na kama uchaguzi wa AD umehifadhiwa kwenye wasifu wako wa Netflix, unakaa kwenye akaunti na si kwenye TV. Unalipa, unaingia upya, unafungua tamthilia, na mwanamke yule anaingia tena jikoni kuchukua kisu.

Ma'mkubwa alipiga tena baada ya dakika kumi na tano hivi, safari hii kwa sauti ya mtu aliyeshinda.

"Mtu kaondoka. Sasa niondolee na haya maandishi. Kila mlango ukilia wananiandikia mlango umelia, kwani mimi kiziwi?"

Ni ukurasa uleule, ma'mkubwa, orodha ya pili, ile ya "Subtitles". Alikuwa amewekewa "English" yenye herufi CC, ambayo ni manukuu ya wasiosikia na huandika hata milio. Akitaka maneno ya waigizaji peke yake atafute "English" isiyo na CC kama ipo. Asipotaka kabisa, achague "Off".

"Haya. Subiri waende kwenye matangazo."

Nikamwambia huko hakuna matangazo, abonyeze tu.